Shajara ya mradi: kuiuza Forester XT yenye tabo, Mombasa

Jumamosi, 11 Januari 2025

Forester inauzwa. Watoto sasa ni watatu, kazi imenihamishia upande wa Likoni, na foleni ya feri si mahali pa gari lenye klachi nzito. Nataka liwe limepata mwenyewe kabla ya Ramadhani, maana mwezi ukishaandama biashara za namna hii hulala.

Gari lenyewe ni Subaru Forester XT ya 2005, umbo la SG5, injini EJ205 ya cc 1994, gia tano za mkono. Lilishuka bandarini hapa mwaka 2012 likiwa na miaka saba, ndani ya kikomo cha miaka minane ambacho Kenya imewawekea waagizaji wa magari yaliyotumika. Kiwandani lilitoka na nguvu za farasi 220. Tangu hapo limebadilika sana. Tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) ndogo ya TD04 ilitolewa, ikafungwa tabo ya IHI ya jamii ya VF, zile zinazopatikana kwenye WRX na STI, Subaru za mwendo kasi za Japani. Intakula, kipoza cha hewa inayotoka kwenye tabo, ni ya STI, pana kuliko ya mwanzo, bado imekaa juu ya injini. Nozeli ni kubwa zaidi, pampu ya petroli ni Walbro ya lita 255 kwa saa, bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo ni la inchi tatu, na kompyuta ya injini imeandikiwa ramani mpya, yaani majedwali yanayoiamuru kiasi cha petroli, presha ya tabo na taimingi, wakati wa plagi kuwasha. Breki za mbele ni za pistoni nne kutoka kwenye WRX. Chini kuna shokamzoba za kurekebishika urefu na rimu za inchi 18.

Nilipita kwenye yadi moja barabara ya Moi kusikia wangesemaje. Jamaa alisikiliza mngurumo, akatazama chini ya boneti, akasema wao gari "lililochezewa" hawalitaki, labda kwa bei ya kutupa. Simlaumu. Mteja wa yadi anatafuta gari la kwenda kazini, na yadi haina muda wa kueleza ramani ya kompyuta ni kitu gani. Kwa hiyo nitaliuza mwenyewe, kwa mtu anayelijua analolitaka.

Msimamo wangu tangu mwanzo ni huu: gari lililoongezwa nguvu halinunuliwi kwa macho. Mnunuzi ana haki ya kujua nani aligusa, aligusa nini, na baada ya kugusa alipima nini. Kila hatua nitakayoiandika hapa inalenga kuyajibu hayo matatu kwa karatasi na namba, ili mtu asilazimike kuniamini kwa sura.

Jioni nimekusanya karatasi mezani. Karatasi ya mnada wa Japani ipo, na inaonyesha kilomita 78,000. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, kile kinachotakiwa na kiwango cha KS 1515, kipo na kilomita zake zinalingana na za mnada. Risiti za tabo, pampu na nozeli zipo. Risiti za oili zipo karibu zote, kila kilomita 5,000. Leo dashibodi inasoma 163,000. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye gari la tabo naona hata ikiwa na habari, bila daftari haipati bei.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimeamua kipi kinabaki na kipi kinatoka.

Watu wengi hutaka kurejesha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani kisha wauze vipuri kando. Kwa vitu vya chini ya gari nakubaliana nao kabisa. Shokamzoba hizi na rimu za 18 nikiziacha, zitaongeza kitu kidogo tu kwenye bei ya gari; nikiziuza peke yake napata pesa ya maana. Tena Forester iliyoshushwa inakwaruza kila tuta kuanzia Bamburi hadi Mtwapa, na nusu ya wanunuzi watalikataa kabla ya kuliendesha. Kwa hiyo springi na shokamzoba za kawaida zimerudi, pamoja na rimu za inchi 16 na matairi yenye mwili. Shokamzoba za nyuma za asili za SG5, zile zinazojiinua zenyewe ukipakia mzigo, zilikuwa zimeshakufa zamani, hivyo nimefunga za kawaida na springi zinazoendana nazo. Hilo litaandikwa kwenye tangazo.

Injini ni habari nyingine. Tabo, nozeli, pampu, intakula na ramani vimepimwa pamoja, vinategemeana. Ukichomoa tabo ukaacha nozeli kubwa na ramani ile ile, umetengeneza gari litakalojaa petroli na kuzimika kwenye mataa. Ukichomoa vyote unahitaji ramani nyingine na vipimo vingine, na mwishowe utauza injini iliyofunguliwa mara mbili. Vinabaki.

Kimoja tu upande wa injini kinatoka leo: valvu ya kutupa hewa nje. Vijana wanaupenda ule mlio wa "psshh" ukibadilisha gia, na najua wapo watakaolikataa gari kwa kuukosa. Lakini kwenye Subaru kihisi cha hewa kiko mwanzoni kabisa, kabla ya tabo. Kompyuta ikishapima hewa iliyoingia, inaamini hewa hiyo yote itafika kwenye silinda na inamwaga petroli inayolingana nayo. Wewe ukiitupa nje katikati ya safari, petroli inabaki bila hewa ya kuichoma, moshi mweusi unatoka, plagi zinaota masizi. Valvu ya asili huirudisha hewa kwenye bomba la kuingilia, hesabu ikabaki sawa. Nimeirudisha ya asili, na hii nyingine itauzwa kwa mwenye gari lisilotumia kihisi cha namna hiyo.

Sailensa ya nyuma nayo imebadilishwa na yenye tumbo kubwa zaidi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo, na jirani zangu wamevumilia vya kutosha.

Jumapili, 26 Januari

Siku ya kupima. Hii ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi kwa hamu, kwa sababu injini za EJ zenye tabo zina sifa zao, na kila anayekuja na fundi atakuja nazo kichwani: pete za pistoni, beringi za konrodi, gasketi za silinda hedi.

Tulianza na kompresheni, yaani presha ya hewa ambayo kila silinda inaweza kuibana. Injini ilipashwa moto hadi feni ikazunguka. Fyuzi ya pampu ya petroli ikatolewa, plagi zote nne nje, betri ya pili ikaunganishwa ili stata isichoke, na mguu ukakanyaga mafuta hadi chini muda wote wa kupima. Hilo la mguu mafundi wengi hulisahau, wakapata namba ndogo na kumtisha mwenye gari bure. Kuzifikia plagi za Subaru ni shughuli, zimelala ubavuni karibu na kuta za chesisi, betri na tangi la maji ya kioo lazima visogezwe. Fundi alifanya kwa subira, mimi nilishika geji na simu, nikirekodi kila silinda bila kukata video.

Matokeo kwa psi, kipimo cha presha: silinda ya kwanza 150, ya pili 148, ya tatu 151, ya nne 147. Kitabu cha kiwanda kwa injini hii kinataja 142 hadi 171, na kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Hapa tofauti kubwa ni psi nne. Nimefurahi mno. Silinda ya nne ndiyo huwa ya kwanza kuteseka kwenye Subaru nyingi zilizoongezwa nguvu, na hii imekaa sawa na wenzake.

Baada ya hapo tukaigeukia tabo. Kwenye bomba linalopeleka oili kwenye tabo kuna boliti yenye tundu, na ndani yake mna kichujio kidogo cha waya. Oili ikichelewa kubadilishwa, kichujio hicho huziba polepole, tabo ikakosa oili, shafti ikaungua. Mwenye gari hulaumu tabo, akanunua nyingine, nayo ikafa kwa sababu ile ile. Tumekitoa na kukikagua: safi, waya haujakunjika. Shafti ya tabo haichezi mbele na nyuma, na mchezo wake wa pembeni ni ule mdogo wa kawaida. Mabomba ya intakula yana unyevu mwembamba wa oili, hakuna dimbwi.

Oili ilibadilishwa na chujio la zamani tukalikata kwa msumeno, tukaikunjua karatasi yake yote juani. Beringi ikianza kuliwa, chembe za shaba na fedha hung'aa kwenye ile mikunjo kabla hujasikia mlio wowote wa kugonga. Hakuna kilichong'aa. Picha imehifadhiwa pamoja na tarehe.

Mkanda wa taimingi na pampu ya maji vilibadilishwa kwenye kilomita 140,000, pamoja na puli zake zote. Risiti ipo. Kwenye EJ205 mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, kwa hiyo mnunuzi asiyeuliza kuhusu mkanda nitamwambia hata kama hajauliza.

Jumamosi, 1 Februari

Kutu. Watu wa bara wana hofu na magari ya Pwani, na hofu hiyo ina msingi. Hewa ya chumvi haichagui. Forester hujificha kutu kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo tope hukaa ndani ya plastiki, na kwenye mabomba ya breki yanayopita chini.

Plastiki za ndani ya matao zimetolewa zote. Upande wa kushoto safi. Upande wa kulia kulikuwa na alama ya ukubwa wa kiganja, ya juujuu; imesuguliwa hadi chuma cheupe, ikapakwa dawa, rangi ya msingi, kisha rangi. Nimepiga picha kabla, katikati na baada. Ningeweza kupaka lami nyeusi chini yote ikang'aa kama mpya, jambo ambalo wauzaji wengi hufanya, lakini lami mbichi chini ya gari la Mombasa humfanya mnunuzi makini aulize imefunika nini. Chini nimeosha kwa maji baridi na kuacha kama kulivyo.

Ndani: viti vimesafishwa, geji ya presha ya tabo na ile ya uwiano wa hewa na petroli zinabaki. Geji hizo mbili hazina thamani kwa asiyezijua, ila kwa anayezijua ndizo macho yake.

Jumamosi, 8 Februari

Bei na tangazo.

Nimetazama bei za Forester XT za umri huu ambazo hazijaguswa, zenye gia za mkono, na nimeanzia hapo. Pesa zote nilizomwaga kwenye injini sikuziongeza juu. Soko hulipia gari, halilipii mapenzi ya mwenye gari. Kinachoweza kunipandishia bei kidogo ni kompresheni, mkanda wa taimingi na faili lililojaa. Naomba laki tisa na themanini, na chini kabisa ndani ya moyo wangu naijua namba yangu.

Tangazo limeandikwa kwa mpangilio huu: gari ni nini, limebadilishwa nini, limepimwa nini, lina kasoro gani. Kasoro nimezipa aya yao: alama ya kutu iliyotibiwa, mkwaruzo wa bampa ya nyuma, sinkromeshi (kifaa cha kulainisha gia inapoingia) ya gia ya tatu inayolalamika ukiiingiza kwa pupa injini ikiwa baridi, bushi moja ya mkono wa mbele iliyoanza kuchoka. Gia tano za Subaru za enzi hii hazipendi mtu anayeng'oka kwa vurugu, na nimelisema wazi kwamba anayetaka gari la mashindano ya kuondoka kwenye taa atafute lenye gia sita za STI.

Methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sioni kama inalifaa gari la tabo. Zuri na bovu yananguruma sawa kwenye video ya nusu dakika. Lazima zuri nalo litembezwe, na litembezwe likiwa uchi.

Picha za namba za gari nimezifunika, na ya logibuku sijaiweka kabisa. Madalali huchukua picha za mtu, wakaongeza laki moja juu, wakapokea hata amana ya gari ambalo hawajawahi kuliona. Logibuku ataiona mtu aliyekuja na kitambulisho chake mkononi. Kwa anayetaka kuhakikisha kabla ya kusafiri, nitampa namba ya usajili kwa simu atafute rekodi mwenyewe NTSA, mamlaka inayosajili magari: jina, namba ya chesisi, namba ya injini, na kama kuna benki inayolidai. Injini ni ile ile iliyotoka nayo Japani, na namba inalingana. Mwenye gari lililobadilishwa injini nzima bila kuandikisha mabadiliko hayo asubiri shida siku ya kuhamisha umiliki.

Jumatano, 12 Februari

Simu zimekuwa nyingi. Wengi huanza na "bei ya mwisho?" kabla ya salamu. Wapo wanaotaka kubadilishana na Toyota Mark X, mmoja na kiwanja Kilifi. Nimewajibu wote kwa adabu ile ile: njoo ulione, tuzungumze mbele yake.

Mmoja, wa Nairobi, ameuliza swali lililonifanya nikae chini nimwandikie vizuri. Ametazama video ya kompresheni, kisha akasema: "Mkuu, fundi wangu hapa akipima Subaru nzuri anapata kama 120. Wewe unaonyesha 150. Nani kati yenu geji yake ni mbovu?"

Hakuna geji mbovu. Silinda huvuta hewa iliyopo nje ndipo iibane. Hapa usawa wa bahari shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 101. Nairobi, zaidi ya mita 1,700 juu, ni kama 83. Hewa imepungua kwa karibu asilimia 18 kabla pistoni haijapanda, kwa hiyo injini hii hii inayosoma 150 Mombasa itasoma 120 na kidogo Nairobi, ikiwa na afya ile ile. Nimemwambia: "Kaka, likifika kwako lipimwe tena. Namba zote nne zikishuka pamoja, umepata gari lile lile. Moja ikishuka peke yake, nipigie simu siku hiyo hiyo."

Kwa upande wa tabo urefu huo una uzito mkubwa zaidi, na hapa ndipo gari lililorekebishwa Pwani linaweza kumtia mtu wa bara hasarani. Ramani yangu inaomba bar moja, yaani kilopaskali 100, juu ya hewa ya nje. Hapa maana yake tabo inabana hewa mara mbili hivi. Nairobi, kuisomesha geji bar moja ile ile, inabidi ibane mara 2.2. Na ikiwa ramani inadai shinikizo kamili lile lile la Mombasa ndani ya injini, inabidi ibane zaidi ya mara 2.4. Tabo italazimika kuzunguka kwa kasi ambayo haikupangiwa, hewa itatoka ya moto zaidi, na injini itaanza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kompyuta ya Subaru ina kihisi cha hewa ya nje, na kwenye ramani lipo jedwali la kupunguza presha kadri unavyopanda. Waandikaji ramani wengine wa Pwani huliacha tupu kwa kuwa gari halipandi popote. Langu limejazwa, na nimemtumia picha ya jedwali lenyewe.

Akauliza kuhusu petroli. Hilo nalo ni swali la mtu anayejua. Magari haya ya Japani yaliandikiwa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) karibu 100. Yetu iko chini ya hapo. Ramani ya kiwandani peke yake tayari ni kali kwa petroli yetu, kwa hiyo yangu imerudishwa nyuma kwenye taimingi, na uwiano wa hewa na petroli gari likivuta kwa nguvu zote ni 11 kwa 1. Kizidishi cha taimingi ambacho kompyuta hukishusha ikisikia injini ikigonga kimesimama kwenye 1.0, yaani haijapata sababu ya kuogopa. Nimemtumia faili la rekodi zima, gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500 kwa dakika, lilivyo, bila kukata vipande.

Ameomba siku tatu afikirie.

Jumamosi, 15 Februari

Amekuja mzee wa Changamwe na mwanawe, kijana aliyepata leseni mwaka jana. Mzee ana pesa taslimu na hana maswali. Kijana ana maswali yote kuhusu kasi.

Huwa sipashi injini moto kabla mtu hajafika. Boneti liguswe likiwa baridi, injini iwashwe mbele ya mnunuzi, asikie mwenyewe sekunde zile za kwanza. Kisha mimi ndiye ninayeendesha hadi oili ishike joto, na ndipo anayetaka kununua anashika usukani, mimi nikiwa kando, baada ya kuhakikisha bima inamruhusu. Kijana hakupewa usukani kwa kuwa bima yangu haimhusu dereva wa umri wake.

Tulipita njia ya Dongo Kundu. Tuliporudi nilimwomba mzee tusimame pembeni wawili. Nikamwambia: "Mzee, shikamoo tena. Gari hili ni zima, na pesa yako naitaka. Lakini si gari la kwanza la mtoto. Tabo hii hulala hadi mizunguko 3,500, halafu huja yote kwa pamoja. Mnunulie Forester isiyo na tabo, ajifunze barabara kwanza." Kijana alinuna. Mzee alinishika mkono akanishukuru, akaniachia namba za mpwa wake anayetafuta rimu za inchi 18. Rimu zimeuzwa jioni hiyo hiyo.

Jumamosi, 22 Februari

Yule wa Nairobi amekuja kwa treni, yeye na fundi wake, nikawapokea stesheni ya Miritini. Alitangulia kutuma elfu hamsini za kushikilia gari, nami nikamwandikia karatasi inayosema zitarudi zote iwapo gari halitakuwa kama lilivyotangazwa.

Fundi wake ni mtu wa maneno machache na mikono yenye adabu. Alianza na chini, tochi mdomoni, akagonga matao ya nyuma kwa kifundo cha kidole upande kwa upande. Akaniomba plagi zitolewe tena apime kwa geji yake. Nikamwambia karibu. Akapata 149, 148, 150, 147. Akaandika kwenye daftari lake, akanitazama, akasema tu, "Sawa, mzee."

Kisha akalifungua tangi la maji injini ikiwa imepoa, akaliwasha gari, akasubiri mapovu. Gasketi ya silinda hedi ikipasuka kidogo, moshi wa kuchoma huingia kwenye njia ya maji na mapovu hayaishi. Yalitoka machache ya mwanzo, yakakoma. Akaunganisha kompyuta yake, akasoma taimingi na kizidishi, akauliza iwapo kumbukumbu ya kompyuta imefutwa karibuni. Swali zuri mno: ukichomoa betri usiku wa kuamkia mauzo, kila alama ya injini kugonga inafutika na gari linaonekana halina dhambi. Nikamwonyesha kwamba marekebisho ya petroli ambayo kompyuta hujifunza polepole barabarani yamejaa, hayako kwenye sifuri.

Majadiliano ya bei hayakuwa marefu. Alitoa laki tisa. Nikamwambia bushi ya mkono wa mbele na sinkromeshi ya gia ya tatu tayari nimezihesabu kwenye bei. Fundi wake mwenyewe alisema bushi ni kazi ya mchana mmoja. Tumekutana kwenye laki tisa na thelathini, pamoja na tabo ya zamani ya TD04 kwenye boksi lake. Anataka liwe tayari kwa Safari Rally ya Naivasha, tarehe 20 hadi 23 Machi. Tangu mashindano yale yarudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, Subaru za nchi nzima huelekea huko kila mwaka, na kwa watu wa rika langu tuliomwona dereva Colin McRae akishinda Safari na Impreza mwaka 1997, sikuwa na la kumbishia.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya karatasi.

Mkataba umeandikwa kwa wakili, nakala mbili. Una majina, namba za vitambulisho na PIN za KRA (mamlaka ya kodi) za wote wawili, namba ya chesisi na ya injini, kilomita za leo, na orodha ya kila kilichobadilishwa kwenye gari, pamoja na sentensi isemayo mnunuzi ameelezwa na amekagua kwa fundi wake. Nimesisitiza tarehe na saa ya kukabidhi iandikwe. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Gari likigonga mtu Mtito Andei jioni hii, mlango utakaobishwa kwanza ni wangu, na saa iliyo kwenye karatasi ndiyo itakayonisemea.

Malipo: M-Pesa haitoshi, kikomo chake ni laki mbili na nusu kwa muamala mmoja. PesaLink, huduma ya kutuma pesa kutoka benki moja hadi nyingine, inabeba hadi 999,999, kwa hiyo kiasi kilichobaki kilipita kwa mara moja. Tulikaa ndani ya benki yangu hadi karani akaniambia pesa zimeingia na zinaweza kutolewa. Ujumbe wa simu sikuuchukulia kuwa malipo, na mnunuzi mwenyewe alisema angefanya vivyo hivyo.

Hapo hapo nikafungua akaunti yangu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikaingia NTSA na kuanzisha uhamisho wa umiliki. Ombi likamfikia, akalikubali kwenye simu yake, ada inayofuata ukubwa wa injini ikalipwa. Kifungu cha 9 kinampa siku 14 za kulitumia kabla ya kusajiliwa. Hatukuona sababu ya kungoja hata mbili. Bima yangu haihami na gari, kwa hiyo alikuwa ameshanunua yake, akataja marekebisho yote ya injini kwa kampuni ili wasije wakamkatalia siku ya ajali. Yangu nimeomba ifutwe na sehemu iliyobaki irudishwe.

Nimemkabidhi faili la karatasi, funguo zote, na flashi yenye vitu vitatu: ramani ya asili ya kiwandani, ramani ya sasa, na rekodi zote za barabarani. Ramani ya asili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Siku atakapotaka kurudi kwenye tabo ndogo, hataanza kutafuta faili la namba yake ya kompyuta dunia nzima.

Kabla hajaondoka nilimwambia mambo ya kulea: asilivute kabla oili haijashika joto, baada ya mwendo mrefu alipoze kwa dakika moja mbili kabla ya kuzima, ajaze petroli ya daraja la juu, na akipanda kutoka Mariakani nyuma ya malori asilazimishe gia ya tano kwenye mizunguko ya chini. Mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo ndio unaovunja pete za pistoni.

Ijumaa, 28 Februari

Ametuma vipimo vya Nairobi. Kompresheni: 122, 121, 123, 120. Zimeshuka zote pamoja, tofauti ni psi tatu. Presha ya tabo inasimama kwenye bar 0.85, jedwali limefanya kazi yake, na kizidishi hakijasogea kutoka 1.0. Fundi wake ameshabadilisha bushi.

NTSA inaonyesha jina lake. Bima imethibitisha kufuta. Kwa upande wangu zimebaki shokamzoba za kurekebishika na valvu ya kutupa hewa. Shokamzoba zinafaa Forester za umbo la SG5 na SG9, hazivuji, na aliye tayari kuziona aje Tudor siku za Jumamosi asubuhi.